Utafiti: Mtaji wa mkulima unaolipiwa na wengine

MKULIMA wa vitunguu anayepiga simu sokoni kuulizia bei kabla ya kukodi gari, na mama wa mitumba anayelipwa kwa simu ya mkononi, ni nadra kufikiri kwamba wanatumia matunda ya maabara. Wala mfugaji wa Unguja hana sababu ya kuwaza kuwa ng'ombe wake wako salama kwa sababu kuna watu waliojifunza kuitumia mionzi.

Hilo si kosa lao. Kitu kikishazoeleka, hakuna anayeuliza kilikotoka. Lakini mwaka 2025 swali hilo lilibisha hodi baada ya Serikali ya Marekani kulifunga Shirika lake la Maendeleo ya Kimataifa (USAID), lililokoma rasmi kufanya kazi Julai 1 mwaka huo. Kabla ya hapo, mapema mwaka huohuo, sehemu kubwa ya miradi ya utafiti wa kilimo iliyokuwa chini ya mpango wa Feed the Future ilikuwa imesitishwa.

Kwa nchi ambazo kwa miaka mingi zimepokea utafiti kama zinavyopokea mvua, yaani bila kujua wingu limetoka wapi, uamuzi huo ni onyo. Nani sasa atalipia kazi ambayo mkulima na mfanyabiashara mdogo wanaitegemea bila hata kuiona?

Historia ya utafiti katika nyanja nne zinazoonekana kuwa mbali na jembe, yaani mawasiliano, fizikia ya chembe ndogo, dawa na afya ya akili, inaonyesha jambo moja. Utafiti wa mbali humfikia mwananchi wa chini pale tu ambapo maarifa yametolewa bila kizuizi, na hapa nyumbani wapo watu wa kuyapokea na fedha za kuwaweka kazini. Kikikosekana kimoja, hasara huishia shambani.

Mtandao uliotolewa bure

Kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, karibu na jiji la Geneva, iko maabara ya CERN iliyoanzishwa mwaka 1954. Kazi yake ni kuchunguza chembe ndogo kabisa zinazounda kila kitu duniani. Hakuna soko linalonunua chembe hizo, na nchi za Ulaya zilizochanga fedha hazikuahidiwa faida yoyote ya biashara.

Watafiti wa hapo walitoka nchi nyingi, na kompyuta zao hazikuelewana. Machi 1989 Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi hapo, Tim Berners-Lee, alipeleka kwa mkuu wake andiko la kupendekeza njia ya kuunganisha taarifa zote ziweze kusomwa kutoka kompyuta yoyote. Mkuu huyo aliandika juu ya karatasi kwamba pendekezo halieleweki vizuri, ila linavutia. Hakulitupa. Kutoka hapo ndipo ulipozaliwa mfumo wa tovuti unaotumika duniani kote hadi leo.

Uamuzi mkubwa zaidi ulikuja Aprili 30, 1993, pale CERN ilipotangaza kuwa mtu yeyote anaweza kuutumia mfumo huo bila kulipa. Mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, kilichokuwa na mfumo wake ulioitwa Gopher na uliokuwa ukipendwa sana, kilitangaza ada kwa baadhi ya watumiaji. Watu walianza kuuhama. Mfanyabiashara yeyote anaifahamu hesabu hiyo: bidhaa ya bure iliyo nzuri huua bidhaa ya kulipia iliyo nzuri vilevile.

Tovuti peke yake isingefika Afrika Mashariki bila njia ya kuisafirishia. Mwaka 1966, nchini Uingereza, Charles Kao na mwenzake George Hockham walieleza kuwa uzi mwembamba wa kioo, kikisafishwa vya kutosha, unaweza kubeba mawasiliano kwa njia ya mwanga hadi mbali sana. Wakati huo kioo kilichokuwepo kilimeza mwanga ndani ya mita chache. Kao alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009.

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulianza kufanya kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, ukipita Mombasa na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata ukaja mkongo wa EASSy. Kabla ya hapo ukanda huu ulitegemea satelaiti, na bei ya intaneti ilikuwa ya matajiri na ofisi kubwa.

Faida ilipimwa. Utafiti wa Jonas Hjort na Jonas Poulsen uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa ajira ziliongezeka katika maeneo ya nchi za Afrika yaliyofikiwa na mikongo hiyo, na si kwa wasomi tu, bali hata kwa watu wenye elimu ndogo.

Kwa upande wa fedha za simu, huduma ya M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka 2008. Tavneet Suri na William Jack walikadiria katika utafiti wao wa mwaka 2016 kwamba huduma hiyo iliziinua kaya 194,000 za Kenya kutoka katika umaskini, sawa na asilimia mbili ya kaya zote nchini humo, na kuwawezesha wanawake 185,000 kuifanya biashara kuwa shughuli yao kuu.

Hata hivyo, mkongo uliojengwa na wengine una udhaifu wake. Mei 12, 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na kwa siku kadhaa intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na nchi jirani. Wafanyabiashara waliokuwa wakipokea oda kwa mtandao waliona siku hizo kwamba kuwa na simu nzuri mkononi hakutoshi, iwapo njia yenyewe iko mikononi mwa watu wengine na haina mbadala wa kutosha.

Mionzi iliyowakomboa ng'ombe wa Unguja

Kwa mkulima, mfano mzuri zaidi wa manufaa ya fizikia uko Zanzibar. Kwa miaka mingi mbung'o katika kisiwa cha Unguja walieneza nagana kwa mifugo. Ng'ombe walikonda, mimba zikaharibika, na ng'ombe wa kisasa wa maziwa hawakuweza kufugwa katika sehemu kubwa ya kisiwa.

Dawa ya kuua wadudu iliyopakwa kwenye migongo ya ng'ombe, pamoja na mitego, ilipunguza mbung'o lakini haikuwamaliza, hasa katika msitu wa Jozani. Ndipo Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) na Serikali za Tanzania na Zanzibar zikatumia mbinu ya madume tasa.

Mbinu yenyewe ni rahisi kuielewa. Mbung'o jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Madume walifugwa kwa wingi katika kituo cha utafiti cha Tanga, wakapigwa mionzi kwa kipimo kinachowafanya wasiweze kuzalisha lakini wabaki na nguvu za kutafuta majike, kisha wakamwagwa kisiwani kwa ndege. Jike aliyekutana na dume wa aina hiyo hakuzaa tena.

Kazi ya kuwamwaga madume hao ilianza mwaka 1994, na zaidi ya mbung'o milioni nane walitolewa. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Uzalishaji wa maziwa na nyama uliongezeka, na wakulima wakapata ng'ombe wa kulima na wa kukokota mikokoteni.

La kuzingatia hapa ni mahali mbung'o walipofugwa. Sayansi ya mionzi ilitoka nje, lakini mikono iliyolisha mbung'o, kuhesabu madume na kukagua mitego kila wiki ilikuwa ya hapahapa. Bila kituo cha Tanga, fedha za IAEA zingebaki kuwa karatasi.

Wakulima wa ngano wa Kenya nao wana habari kama hiyo. Mwaka 1999 wanasayansi waliipa jina la Ug99 aina mpya ya kutu ya shina iliyogunduliwa Uganda, ambayo ngano nyingi zilizokuwa zikilimwa duniani hazikuwa na kinga dhidi yake. Mwaka 2014 Kenya iliidhinisha mbegu ya Eldo Ngano 1, iliyopatikana kwa kupiga mbegu mionzi na kisha kuchagua miche iliyostahimili kutu hiyo. Uchaguzi huo ulifanyika katika mashamba ya Kenya, ambako ugonjwa wenyewe uko.

Mashine ya saratani na fundi wake

CERN iliendelea na kazi yake. Katika njia yake ya chini ya ardhi yenye mzunguko wa kilomita 27, takriban mita 100 chini ya mashamba na vijiji, chembe husukumwa hadi kukaribia kasi ya mwanga na kugonganishwa. Julai 4, 2012 wanasayansi walitangaza kuwa wameipata chembe ya Higgs, iliyotabiriwa tangu mwaka 1964.

Mtu anaweza kuuliza, chembe hiyo inauzwa kilo shilingi ngapi? Haiuzwi. Lakini ufundi wa kusukuma chembe ndio uliozaa mashine za tiba ya saratani zijulikanazo kama LINAC. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa kwa mashine ya namna hiyo jijini London mwaka 1953. Mwaka 2018 mashine hizo zilifungwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam, ambako kabla ya hapo tiba ya mionzi ilitolewa kwa mashine za kobalti.

Saratani si jambo la hospitali pekee. Kwa familia ya kijijini, mgonjwa mmoja anaweza kumaliza ng'ombe wote, shamba likawekwa rehani, na mtaji wa duka ukaishia kwenye nauli na malazi mjini.

Uganda ilionyesha kinachotokea mashine inapokuwapo bila akiba wala mpango wa kuibadilisha. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi iliyokuwapo nchini humo, katika eneo la Hospitali ya Mulago, iliharibika kabisa. Baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi, wengine wakabaki bila tiba hiyo. Mashine mpya ilizinduliwa Januari 2018.

Mwaka huohuo wa 2016, Novemba, wataalamu walikutana CERN kujadili mashine ya LINAC itakayofaa mazingira magumu, yaani inayostahimili joto, kukatika kwa umeme na uhaba wa mafundi. Wazo ni zuri. Ila hata mashine imara kiasi gani itahitaji mtu wa kuitunza, na mtu huyo hasomeshwi kwa wiki mbili.

Dawa mseto na anguko la artemisia

Katika dawa, wakulima wa Afrika Mashariki hawakuwa watumiaji tu. Kwa muda fulani walikuwa wauzaji, na somo walilolipata lilikuwa chungu.

Mwaka 1967 China ilianzisha mradi wa siri wa kutafuta dawa ya malaria. Mtafiti Tu Youyou alipekua vitabu vya kale vya tiba na kukuta maelezo ya mmea wa artemisia uliolowekwa katika maji. Hapo alitambua kuwa joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Yeye na wenzake wakaipata artemisinini, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel.

Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza dawa mseto zenye artemisinini kwa nchi ambako dawa za zamani zilishindwa. Tanzania iliiacha SP na kuanza kutumia dawa mseto ya ALu mwaka 2006. Mahitaji yakapanda ghafla, na dawa ikaadimika.

Bei ya artemisinini ilipita dola 1,000 za Marekani kwa kilo. Wakulima wa Kenya, Tanzania na Uganda walihamasishwa kulima artemisia, baadhi wakiacha mazao waliyoyazoea. Wakulima wa China na Vietnam walifanya hivyohivyo. Kufikia mwaka 2007 soko lilifurika, bei ikaanguka chini ya dola 200, na wengi wakang'oa mimea yao.

Kilichowaponza ni muda. Kutoka kupanda mbegu hadi kidonge kufika zahanati hupita zaidi ya mwaka, kwa hiyo bei iliyomvutia mkulima haikuwa bei aliyokutana nayo akivuna. Aidha, wengi hawakuwa na mkataba wenye bei iliyofungwa.

Kisha sayansi ikaleta tishio jingine. Huko California, kikosi cha Jay Keasling kilibadilisha vinasaba vya hamira ili itengeneze malighafi ya artemisinini kiwandani. Mwaka 2013 kampuni ya Sanofi ilianza uzalishaji nchini Italia. Ilionekana kama mkulima ameshapitwa. Lakini artemisinini ya kiwanda iligharimu kati ya dola 350 na 400 kwa kilo, wakati ya shambani ilikuwa imeshuka chini ya dola 250. Mwaka 2015 kiwanda hicho hakikuzalisha hata kidogo.

Hapo mkulima aliishinda maabara kwa bei, ingawa ushindi huo ulikuwa wa kuuza rahisi. Funzo kwa anayeshawishiwa leo kulima zao jipya la dawa au la viwandani ni kuuliza mambo matatu kabla ya kuandaa shamba: nani amesaini kununua, kwa bei gani, na ni utafiti gani unaoendelea kwingine wa kulifanya zao hilo lisihitajike.

Upo upande wenye matumaini zaidi. Chanjo mbili za malaria zilizopendekezwa na WHO, RTS,S mwaka 2021 na R21 mwaka 2023, zote zilijaribiwa Bagamoyo nchini Tanzania na Kenya pia. Watoto wa vijiji hivyo, wazazi wao na wauguzi wao wamo ndani ya uthibitisho unaotumiwa leo na dunia nzima.

Lakini vimelea navyo havilali. Usugu wa sehemu dhidi ya artemisinini umethibitishwa Rwanda na Uganda, na mwaka 2024 watafiti wakiwemo wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) walichapisha ushahidi wake kutoka mkoa wa Kagera. Kazi ya kufuatilia usugu huo wilaya kwa wilaya haiwezi kufanywa kutoka Geneva wala Washington. Ikikosa fedha, taarifa ya kwanza itakuwa ni wagonjwa wanaomaliza dozi bila kupona, na nguvu kazi inayolala kitandani wakati wa palizi.

Akili ya mkulima nayo ni nyenzo

Afya ya akili ndiyo iliyokaa nyuma kwa muda mrefu, kwa kuwa msongo wa mawazo hauna uvimbe wala homa ya kupimwa. Hata hivyo utafiti umeanza kuonyesha kwamba akili ya mkulima ni nyenzo ya uzalishaji kama lilivyo jembe.

Mwaka 2013 Matthieu Chemin, Joost de Laat na Johannes Haushofer walitoa utafiti uliofanyika Kenya. Walipima kotisoli, homoni ambayo mwili huitoa kwa wingi mtu anapokuwa na msongo. Mvua ilipopungua, kiwango cha homoni hiyo kilipanda kwa wakulima, hasa wale waliotegemea shamba peke yake. Kwa maneno mengine, ukame huingia mwilini kabla haujaingia ghalani.

Mwaka huohuo watafiti wengine walichapisha matokeo kuhusu wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu nchini India. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, akiwa hana fedha, kuliko baada ya kuvuna. Utafiti uliofanyika Marekani baadaye, kwa watu wanaosubiri mshahara, haukuona tofauti ya aina hiyo, na mjadala unaendelea. Pamoja na hayo, wanaonunua mazao yakiwa bado shambani wanaujua msimu wa kuja: huja kabla ya mavuno, wakati ada za shule zinadaiwa na mwenye shamba hana nafasi ya kupiga hesabu kwa utulivu. Chama cha ushirika chenye mfuko wa kukopesha miezi hiyo huokoa fedha za mwanachama na pia utulivu wake.

Tiba nayo haihitaji lazima daktari bingwa, ambaye vijijini hayupo. Nchini Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha akina bibi wa mitaa ya Harare kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuzungumza na watu wenye kile Washona wanachokiita kufikiri kupita kiasi. Bibi hamwambii mtu asiwaze. Humsaidia kuchagua tatizo moja, mara nyingi la fedha au la ndoa, na kupanga hatua ya kulitatua.

Matokeo ya jaribio lililohusisha watu 573 yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya miezi sita, waliobaki na dalili za sonona miongoni mwa waliokaa na bibi walikuwa chini ya asilimia 14, wakati miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 50. Baada ya vikao, washiriki walijiunga katika vikundi, wakisuka mikoba ya kuuza huku wakiendelea kuzungumza.

Utafiti huu haukutoka Ulaya. Ulibuniwa Afrika kwa watu waliokuwapo, na umeshaigwa hata New York.

Kwa nchi zinazotumia viuatilifu, Sri Lanka nayo ina somo. Kuanzia miaka ya 1980 nchi hiyo ilipiga marufuku hatua kwa hatua viuatilifu vyenye sumu kali zaidi, na vifo vya kujiua vilipungua kwa asilimia 70 kati ya mwaka 1995 na 2015. Watafiti hawakuona kuwa mavuno yalishuka kwa sababu ya marufuku hizo. Kwa hiyo uamuzi kuhusu sumu ipi iuzwe katika maduka ya pembejeo ni uamuzi wa kilimo, na pia ni uamuzi wa uhai wa watu. Mwenye duka na mwenye shamba wanaofungia sumu kwa kufuli wanafanya kazi ya afya, na anayeelemewa na mawazo ana haki ya kusikilizwa kituo cha afya kama anayeugua malaria.

Nani alipe?

Januari 2007 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, walihimizana kila nchi itenge angalau asilimia moja ya pato lake kwa utafiti ifikapo mwaka 2010. Mwaka huo umeshapita zamani, na nchi za Afrika Mashariki bado hazijafika hapo. Kenya ilikwenda mbali zaidi katika karatasi, pale sheria yake ya mwaka 2013 ilipotaja asilimia mbili ya pato la taifa kwa ajili ya mfuko wa utafiti. Fedha hazikufuata maneno ya sheria.

Serikali husema, na si bila sababu, kwamba kuna barabara, madarasa na madeni. Utafiti hauna utepe wa kukata, na matunda yake huja baada ya waziri aliyeidhinisha fedha kustaafu. Kao alisubiri miaka 43 kati ya andiko lake na tuzo yake. Hakuna bajeti ya mwaka mmoja inayovumilia hivyo.

Lakini wakulima wengine wamekuwa wakilipia utafiti wao wenyewe. Korosho za Tanzania zilizidi tani 140,000 msimu wa 1973/74, kisha zikaporomoka hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980, ugonjwa wa ubwiriunga ukiwa mojawapo ya sababu. Kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kilishiriki katika kuufufua uzalishaji kwa matumizi ya salfa na miche bora. Kwa miaka kadhaa sehemu ya tozo ya korosho zinazouzwa nje ilirudi kwenye zao hilo, utafiti ukiwemo. Mwaka 2018 Bunge lilibadilisha sheria na tozo yote ikapelekwa Mfuko Mkuu wa Serikali, baada ya mabishano makali na wabunge wa mikoa ya kusini.

Sakata hilo lilifundisha kwamba fedha za utafiti zisipolindwa na sheria huwa za kwanza kuliwa. Kama tozo ya zao inakatwa, mkulima ana haki ya kujua ni asilimia ngapi inakwenda kituo cha utafiti cha zao lake, na kituo hicho kimefanya nini nayo. Swali hilo linaweza kuulizwa katika mkutano mkuu wa AMCOS, kwa ofisa kilimo wa kata, na kwa mbunge wakati wa bajeti.

Serikali kwa upande wake ina la kuchagua. Haiwezi kujenga CERN, wala hakuna anayeidai ijenge. Inachoweza ni kuwaweka kazini mafundi wa mashine za mionzi, wafuatiliaji wa usugu wa dawa, wafugaji wa wadudu wa maabara na akina bibi wa kwenye benchi. Hao ndio mlango ambao sayansi ya dunia hupitia kuingia kijijini, na mishahara yao ni midogo kuliko gharama ya kuwakosa.

Wafadhili waliondoka mwaka 2025 kwa uamuzi uliofanywa katika mji ambao mkulima wa Afrika Mashariki hapigi kura. Kituo cha Tanga, cha Naliendele na cha Bagamoyo viko katika nchi ambayo anapiga.